Makochi Yaliyoombewa Mbumbuni

Nilipokuwa askari mpya, duka moja Nairobi liliona kitambulisho changu cha jeshi tu, likanipa makochi ya mkopo. Mshahara wangu uliyalipia miezi miwili, ukachoka.

Nyumbani Mbumbuni, mama aliyapapasa kama mtoto mchanga, akaita kanisa zima lije kuyaombea. Wazee walivua viatu mlangoni, mchungaji akakalia kochi kubwa. Hata mimi niliogopa kuegemea.

Katikati ya maombi, lori la duka likafika na wanaume wa kubeba. Mama akadhani wameleta meza, akawakaribisha ndani. Wale wanaume wakavua kofia, wakainamisha vichwa mpaka "Amina." Kisha mmoja akaninong'oneza, na nyumba ilivyokuwa kimya, kila mtu akasikia:

"Afande, mwambie mchungaji asimame. Tunaanza na hilo lake."