Majivu ya Damaris

Damaris ni nyieka, mke mwenzangu. Mzee alituachia boma moja na majiko mawili. Tangu niolewe sijawahi kumwomba chumvi, wala yeye kuniomba moto. Lakini ukweli nausema: hapa ufuoni Homa Bay hakuna aliyemshinda kutengeneza vyuma vya kuzamisha nyavu.

Betri za taa za wavuvi wa omena zikizeeka, wanamletea. Anazipasua, maji yake anayamwaga mbali, maana yanachoma nguo. Ile risasi ya ndani anaiyeyusha jikoni, anaimimina kwenye udongo, ikipoa anauza. Majivu ya jiko hilohilo alikuwa anayachuja na maji, anapikia mrenda ulainike, kama mama zetu walivyotufundisha.

Mjukuu wake Lynnet, mtoto wa miaka mitatu, ndiye mlaji wa huo mrenda. Tumbo likawa linamuuma. Akakonda. Hata maneno aliyokuwa anayajua akayaacha. Damaris akampa dawa ya minyoo, tena na tena.

Jumapili moja Elkanah, anayetembelea nyumba zetu kwa mambo ya afya, akasimama kanisani kueleza hatari ya betri. Damaris akamkatiza.

"Wuoda, mwanangu, sumu ni yale maji, na mimi namwaga mbali. Wewe hata wavu hujui kushona!"

Watu wakacheka. Elkanah naye akacheka kidogo.

"Mama, risasi yenyewe ni sumu. Ukiiyeyusha, moshi wake unaanguka hapohapo jikoni. Unabaki kwa majivu."

Sisi wanawake tukaangaliana. Mimi sikungoja.

"Nyieka," nikamwambia, "na mrenda wa Lynnet?"

Kesho yake alimbeba mtoto mpaka hospitali. Damu ikapimwa, risasi ikapatikana nyingi. Daktari akasema mtoto asikae tena karibu nayo, arudi kupimwa, na yale maneno huenda yatarudi, huenda hayatarudi.

Damaris akalivunja jiko lake kwa jembe. Majivu alimwachia Elkanah, kwa sababu hayatupwi ovyo. Sasa anafinyanga vizito vya udongo na kuvichoma. Wavuvi wanamtania kwamba ameanza ufinyanzi uzeeni. Anawajibu, "Nyinyi vueni. Nyavu kuzama zitazama."

Siku aliyovunja jiko alisimama mlangoni kwangu na kibakuli, uso kando.

"Nyar Uriri," akasema, maana nimezaliwa Uriri, "nipe majivu yako."

Nikampa. Kisha nikamwambia akae, mrenda umeiva, na Lynnet alete sahani.