Nilivyokuwa Nikimkatia Mama Salamu

Nauza chakula Mikumi, kando ya barabara kuu, na kazi hii imenizoesha kusikia nusu ya sentensi. Basi likisimama, abiria ana dakika kumi. Kabla hajamaliza kuagiza, nimeshapakua wali. Nilijisifia sana wepesi huo. Ubaya ni kwamba niliutumia hata kwa mama yangu.

Mama anaishi Vidunda, mlimani, na kwetu kule shida haitangulii. Kwanza salamu, kisha kuku, mvua, majirani. Mwisho kabisa, mkishatulia, ndipo jambo lenyewe. Akipiga simu, mimi nilikuwa namwamkia huku nageuza samaki kwenye mafuta. Akishaitikia marahaba na kuanza kuulizia watoto, namkatiza: aseme haraka, ana shida gani? Hujibu kwamba hana shida. Basi, nakata simu. Tulikwenda hivyo miezi mingi.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi, wateja hakuna. Mama akapiga. Sikuwa na pa kukimbilia, nikamwacha aongee. Alipitia kuku wote, mmoja mmoja. Akafika kwenye maharage: siku hizi, alisema, jirani ndiye anayemchagulia.

Nikashtuka. Mama yangu hajawahi kumwamini mtu na maharage yake, akidai kila mtu huacha mawe.

"Kwa nini akuchagulie, mama?"

Akanyamaza. Safari hii nami nikanyamaza, ingawa ulimi uliniwasha.

"Mawe siyaoni tena, mwanangu. Hata njia ya mtoni naipapasa kwa fimbo."

Niliona aibu, nikalia palepale mbele ya masufuria. Wiki hiyohiyo nilipanda mlimani, nikamleta hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba tumewahi. Bandeji ilipotolewa, mama aliniangalia kwa muda mrefu, akasema nimenenepa. Sijawahi kufurahia neno hilo kama siku ile.

Sasa akipiga nafuta mikono, navuta stuli, nakaa. Jana alimaliza salamu, kuku, mvua, na maharage anayoyachagua mwenyewe. Nikangoja jambo lenyewe. Halikuja.

"Na lingine, mama?"

"Hakuna. Nilitaka tuongee tu."

Jikoni wali ulikuwa umeanza kuungua. Nikamuuliza habari za jirani.