Unga wa Misuli na Jembe la Ukweni

Siku moja ya ujana wangu naikumbuka mno, mwanangu, na kila nikiikumbuka naona haya na hamu kwa pamoja. Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa kijana mwembamba wa kijijini, karibu na Kipalapala, nampenda Nyamizi mpaka chakula hakipiti. Kijijini kwetu mchumba hakupimwa kwa maneno. Baba mkwe alikuita shambani kwake ulime matuta siku nzima, mbele ya watu, ngoma ikipigwa. Ukiweza, umepata mke. Ukishindwa, kwaheri.

Ulipobaki mwezi mmoja niitwe shambani, nikaenda mjini, mtaa wa Kanyenye. Mchuuzi akanionyesha kopo la unga lenye picha ya mwanamume mwenye kifua kama kihenge cha nafaka. "Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni," akaniambia. "Mwezi hauishi, shati litakupasukia." Basi! Nikampa debe zima la asali tuliyorina na babu, nikarudi natembea kifua mbele. Ujinga una raha yake, nisikudanganye.

Mwezi mzima nikanywa unga ule. Ugali na maharage nikavidharau, na jembe nikaliweka kando, eti misuli isichoke kabla ya siku yake. Babu yangu, aliyekuwa mpagazi wa kubeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, akauonja kwa kidole.

"Maziwa ya unga na sukari," akasema. "Si sumu. Lakini mimi njia ya pwani niliitembea kwa ugali na karanga, na bega lilikomazwa na mzigo. Nenda ukalime, mjukuu wangu."

Nikamcheka moyoni. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Siku ikafika. Matuta matatu tu, viganja vimejaa malengelenge, kiuno kimegoma. Nikakaa chini, na ngoma ikanyamaza. Nyamizi akaniletea maji. Siku zote aliniita kwa jina langu, kwa sauti ya kubembeleza. Siku ile alisema, "Pole, kaka." Kaka! Nikajua yamekwisha. Baada ya mavuno akaolewa kijiji cha mbali, Usinge.

Nilioa baadaye, mke mwema, Mungu amrehemu. Lakini mpaka leo nikisikia ngoma ya kulimia, moyo unanienda Usinge, na mzee mzima nageuza uso watu wasinione.

Sasa nimeyaona makopo yako ya unga kule chumbani kwako. Daktari akikupima akasema mwili umepungukiwa, mtii. Ila mwenye sahani ya maharage, dagaa na karanga, kopo litamwongezea nini? Kula, fanya kazi, lala vya kutosha, subiri. Mwili haudanganywi. Na kabla hujajitesa kwa ajili ya mtu, muulize anataka nini. Mimi sikumwuliza Nyamizi, na alinipenda na wembamba wangu.

Mungu akupe afya, mwanangu, akuzidishie nguvu za jasho lako, na umpendaye asikuponyoke kwa upuuzi kama wangu. Amina.