Tembe Kumi Nilizozitupa Chooni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kipimo cha kioo. Ilikuwa hospitali ya serikali ya Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya arobaini. Nimevaa kaptura nyeupe aliyonipigia pasi dada yangu kule kwetu Ushirombo, kwa Wasumbwa, na viatu vya kuazima. Mkubwa wangu, Daktari Msaidizi, alikuwa Mhindi mfupi mwenye sauti ya chini. Aliviangalia vile vipande sakafuni.

"Kilikuwa na dawa ndani?"

"Hapana, bwana. Kilikuwa kitupu."

"Basi fagia, uanze kazi."

Nilikaa chini yake miaka mitatu, na sijapata mkubwa mwingine kama yule. Cheo changu kilikuwa mtoa dawa. Ninyi mnaosomea famasia leo, tembe zinawafikia zimehesabiwa na kufungwa, kazi yenu kusoma maandishi. Sisi tulipima kwa mizani, tukasaga kwa kinu, tukachemsha maji, tukachuja, tukajaza chupa. Msinicheke. Mtu akilala salama, ujue mkono wa mtoa dawa haukukosea.

Dawa kali zilikaa kwenye kabati la sumu. Kabati lilikuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja wa daktari, mmoja wangu, ili mtu mmoja asiweze kulifungua peke yake. Humo ndimo ilimokaa mofini, dawa ya maumivu itokanayo na afyuni. Kila tembe ya mofini iliyotoka iliandikwa kwenye daftari la sumu: tarehe, jina la mgonjwa, idadi, saini ya daktari, saini yangu.

Nimeombwa mara nyingi nisimulie jinsi nilivyomuumbua daktari wa mgodi. Nimesimulia kwenye semina, nimesimulia siku nilipoagwa kazini, watu wakapiga makofi. Leo nasimulia pamoja na kipande ambacho siku zote nilikuwa nakiruka.

Baada ya Shinyanga niliajiriwa kwenye mgodi mmoja wa dhahabu, mbele ya Kharumwa kuelekea Geita. Jina silitaji. Ulikwisha fungwa na mashimo yake yameota nyasi. Hospitali yake ilikuwa na vitanda kumi na viwili, madresa wawili wa kufunga vidonda, mimi, na daktari mmoja wa Kizungu.

Kwa kushona jeraha sijaona mikono kama ya daktari yule, nampa haki yake. Lakini alikuwa na hasira za ajabu. Alirusha sahani za vyuma, aliwazaba vibao madresa mbele ya wagonjwa, na asubuhi nyingine alinuka pombe. Siku niliyoripoti alinitupia funguo zote mbili za kabati la sumu.

"Sina muda wa kuchezea makufuli," akasema. "Kurasa ishirini nimekwisha zitia saini. Wewe jaza."

Nilizifungua zile kurasa. Tupu, na saini yake chini ya kila moja.

Na watu walimpenda, jamani! Miaka ile sindano ilikuwa na heshima kuliko mganga mwenyewe. Watu walikuwa wameona ugonjwa wa buba: mtu kajaa vidonda mpaka nyayo, anachomwa sindano, baada ya wiki chache ngozi safi. Tangu hapo ukimpa mtu tembe anaona umemdharau. Daktari huyu alichoma sindano kwa kila kitu. Mgongo, mofini. Jino, mofini. Tumbo, mofini. Mchimbaji alirudi shimoni zamu ileile anacheka, mnyapara anafurahi, meneja anafurahi. Walimwita Bwana Sindano.

Rafiki yangu pale alikuwa mmoja tu, Mabula, Msukuma wa Segese, msukuma magari ya mawe chini ya ardhi. Mimi sikuwa na mke wala ndugu mgodini, kwa hiyo karibu kila jioni nilikula kwake. Mkewe, Mama Shija, alikuwa akiniwekea ugali hata nikichelewa. Mabula alinitania bila huruma: "Msumbwa gani wewe? Kulima hujui, kuchunga hujui, unajua kuhesabu tembe tu!"

Siku moja jiwe lilimwangukia nyonga. Daktari alimchoma mofini, na hapo hakukosea, maana maumivu yalikuwa makubwa. Kosa ni kwamba nyonga ilipona na sindano ziliendelea. Mabula akawa anafika mlangoni kabla hatujafungua, anapiga miayo, pua inachuruzika, anajikuna mikono. Mwili ukishaizoea mofini unaidai hivyo. Nilimwendea daktari.

"Bwana, nyonga ya Mabula imepona. Sasa anaumwa sindano."

"Wewe umesomea wapi?"

"Shinyanga, bwana."

"Mimi nimesomea Ulaya. Jaza chupa." Akanirushia sahani, ikanipata sikioni.

Mtauliza kwa nini sikuandika barua. Kanuni ilisema barua yoyote ya kwenda kwa Mganga Mkuu wa Jimbo lazima ipitie kwa mkubwa wako wa kazi, na mkubwa wangu ndiye huyo. Niliandika moja, nikaichana.

Basi nikafanya ujanja wangu. Kadi ya ukutani ilisema tembe ishirini za mofini ziyeyushwe kwenye chupa moja ya maji yaliyochemshwa, na daktari avute humo kwa bomba la sindano. Asubuhi moja niliyeyusha kumi. Kumi zilizobaki nilizitupa chooni. Daftarini niliandika ishirini, na saini ya daktari ilikuwa pale tayari. Nilifanya hivyo kwa kila chupa. Nilijiona mwerevu kweli, nimemwokoa rafiki yangu bila kugombana na mtu.

Haikupita wiki mbili wagonjwa wakaanza kunung'unika. Mabula mwenyewe aliniambia, "Sindano zenu siku hizi maji ya mtoni, Msumbwa." Daktari naye aliona. Hakuuliza kitu, aliongeza tu. Zamani alikuwa akivuta alama tano za bomba, sasa akavuta kumi. Mgonjwa akawa anapata mofini ileile ya mwanzo, ila sasa daktari akaamini alama kumi ndicho kipimo cha Mabula.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema. Lakini ningeanzaje? Nimeghushi daftari la sumu, hiyo ni jela. Niliogopa, na nikaendelea kuweka kumi.

Kisha ikaja habari kwamba mama yangu amefariki. Nilipewa ruhusa ya siku kumi na mbili niende Ushirombo. Aliyenishikia nafasi alikuwa dresa mmoja aliyeletwa kutoka zahanati nyingine, mtu mwaminifu, anayefuata maandishi neno kwa neno. Nilimkabidhi funguo, nikamwonyesha kadi ya ukutani. Chupa nilikuwa nimeijaza mwenyewe, nikajidanganya kwamba itatosha mpaka nirudi. Nilifungua mdomo nimwambie. Lori likapiga honi, nikapanda. Miaka mingi nimejitetea kwamba nilikuwa na msiba.

Chupa iliisha siku ya nane. Yule dresa aliiosha, akasoma kadi, akayeyusha tembe ishirini. Saa nne asubuhi Mabula alichomwa alama zake kumi. Akakaa kwenye benchi la nje, akasinzia. Waliokuwa kwenye foleni walimcheka jinsi alivyokuwa akikoroma. Kabla ya saa sita kukoroma kukakoma, na walipomtikisa alikuwa amekwisha kufa.

Niliporudi yule dresa alinipokea getini, midomo imemkauka.

"Kaka, nilitengeneza kama kadi ilivyosema. Hesabu tembe."

"Najua," nikamwambia.

"Zihesabu, kaka!"

"Najua, ndugu yangu. Hukukosea."

Mabula alikuwa amekwisha zikwa. Nilikwenda kukaa matangani na sikuweza kumtazama Mama Shija usoni.

Tume ilikuja baada ya wiki chache: Mganga Mkuu wa Jimbo, Bwana Shauri wa wilaya, na karani wa kuandika. Walikaa ofisini kwa meneja, na Mama Shija aliruhusiwa kukaa nyuma, karibu na mlango. Madresa walisema habari za vibao na sahani. Kurasa zilizotiwa saini kabla ya kujazwa zilionyeshwa. Kisha daktari akaulizwa kuhusu kifo.

"Nilimpa alama kumi," akasema. "Kumi nilizompa jana yake, na juzi yake, na mwezi mzima. Hakufa siku hizo."

Mganga Mkuu wa Jimbo alifungua daftari langu. "Kwa mofini iliyoandikwa hapa," akasema, "ni ajabu kwamba amekufa mtu mmoja tu." Akanigeukia. "Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Ni mwandiko safi. Kila tembe iliyoandikwa humu ndiyo iliyoingia kwenye chupa?"

Karani alikuwa ameinua kalamu. Daktari alinitazama, na nadhani dakika ile alielewa, maana alianza kufungua mdomo, kisha akaufunga. Nani angemwamini?

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Jina lake likafutwa kwenye orodha ya madaktari, akaondoka nchini. Alikuwa na makosa, msinielewe vibaya. Alitia saini kurasa tupu, aliwapiga watu kazini, aliwachoma mofini watu ambao hawakuihitaji. Kwa hayo alistahili kuondolewa hata kama Mabula angekuwa hai. Lakini lile alilolisema kuhusu alama kumi lilikuwa kweli tupu, na mle ofisini nilikuwa peke yangu ninayelijua.

Mgodini nikawa adui. Umetufukuzia Bwana Sindano wetu, walisema. Wachimbaji waliacha kuitikia salamu yangu, wanawake kisimani walinyamaza nikipita. Hilo lingevumilika. Aliyenishinda ni Mama Shija, ambaye kabla hajarudi kwao alikuja mpaka dirishani pangu akanishika mikono yote miwili. "Wabeja, shemeji," akaniambia. Asante. "Umemsemea mume wangu."

Nilihamishiwa Shinyanga, kisha Mwanza, kisha nikapandishwa cheo kuwa msimamizi wa watoa dawa. Nilisifiwa kwa daftari safi, na kweli, toka siku ile sikuandika hata nukta ya uongo. Nilioa mwanamke mwema. Amefariki hajui. Aliniuliza mara nyingi kwa nini napenda kula peke yangu, nikamwambia ni mazoea ya kazi. Upweke wa namna hii hauna dawa. Nyumba imejaa watoto, wewe uko kule ofisini kwa meneja, karani ameinua kalamu. Na kila baada ya mavuno, kupitia watu wa lori, Mama Shija aliniletea kifurushi cha michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na maneno yaleyale: mpeni aliyemsemea mume wangu. Niliwagawia wenzangu ofisini. Mimi sikuionja.

Vijana, mkimwona mkubwa wenu anakosea, msemeni. Siku hizi barua haipiti mezani kwake. Lakini msimrekebishe kwa siri, maana siku utakayosafiri siri yako itabaki kazini bila wewe. Nimewafundisha wengi hivyo, wakadhani ni hekima ya vitabuni.

Mwezi uliofuata baada ya kustaafu nilikwenda Segese. Nilimkuta Mama Shija uani kwa mwanawe, amezeeka, anamenya karanga kwenye ungo. Tulisalimiana, akafurahi, akaita wajukuu waje wamwone yule babu aliyemsemea babu yao. Nikamwomba awaondoe. Kisha nikamweleza yote, tembe kumi, choo, chupa, lori, na jibu langu kwa tume. Sikuacha kitu.

Mikono yake ilisimama kwenye zile karanga.

"Kwa hiyo yule Mzungu alisema kweli?"

"Alisema kweli, shemeji."

"Nami nilikuwa nimekaa pale mlangoni, namsikia."

"Ulikuwepo."

"Yeye nimemlaani kila nilipoamka," akasema. "Wewe nimekuombea."

Nikapiga magoti, mzee mzima, kwenye maganda ya karanga. "Nisamehe, Mama Shija."

"Ngoja," akasema. Hakupandisha sauti. "Ngoja kwanza. Inabidi nianze kumlilia mume wangu upya."

Akachukua ungo wake, akaingia ndani. Nilingoja pale uani mpaka jua likawa utosini. Mwishowe akatoka Shija, mtu mzima mwenye mvi zake, akasimama mbali nami kidogo.

"Baba mdogo," akasema, "mama anasema uende."