Mpishi na Mashine ya Chai

Mpishi wa kantini yetu ana riwaya moja tu, jalada lake limelowa mafuta. Humo, kwenye sayari ya mbali, roboti anawapikia supu wasafiri waliochoka, na humuuliza kila mmoja wao ameshindaje. Hakuna vita, hafi mtu. Balaa kubwa kuliko yote ni kitunguu kuungua. Husoma huku akikoroga maharage, na akifika pale roboti anapoonja supu kwa ulimi wa bati usiojua ladha, hujifuta macho kwa aproni na kusingizia moshi, ingawa jiko ni la gesi. Lakini sisi, mpishi hatuulizi tumeshindaje. Anatupakulia bila kututazama: “Haya, mwingine!”

Wakubwa walipoleta mashine ya chai, alinuna wiki nzima. “Chuma kitajua nini habari za njaa?” Jana mashine ilikwama, mhasibu akaizaba kofi. Mpishi akachomoka jikoni, upawa mkononi. “Usiipige, bwana! Kutwa inawahudumia, nani kawahi kuiambia asante? Ungekuwa wewe usingegoma?” Mhasibu akaona haya kwelikweli. Akaweka chini sahani ya maharage aliyotoka kupakuliwa, akaigeukia mashine, akaiambia asante.