Kwenye Mkeka wa Mama Mwenye Ploti

Mwaka ambao baba alisahau jina langu, nilikuwa nasuka nywele katika saluni moja pale Kawangware 56, Nairobi. Yeye aliishi Kibera, katika chumba kile kile alichotulelea. Alikuwa fundi wa nguo Soko la Toi, akipunguza suruali za mitumba na kutia zipu, mpaka mikono nayo ikaanza kusahau. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ugonjwa ule wa kusahau hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Nikahamia kwake. Asubuhi nilimwachia jirani, mchana natoroka saluni kwenda kumwona.

Siku moja alinifukuza na mwiko akidhani mimi ni mwizi. Siku nyingine alilia akimtafuta mama, aliyefariki zamani.

Watu wa kanisa letu wakaja kumwombea. Nia yao ilikuwa njema. Walijaa chumbani, wakamshika kichwa, wakapaza sauti kukemea pepo mpaka mabati yakatetemeka.

"Toka! Toka kwa jina la Yesu!"

Baba alidhani anafukuzwa yeye. "Nitoke niende wapi?" akauliza. "Hapa si ni kwangu?" Akajikunja kwenye kona ya kitanda, suruali ikalowa.

"Omba kwa nguvu, dada," mchungaji akaniambia. "Mbona umenyamaza?"

Mimi nikaanza kutafuta suruali kavu.

Walipoondoka nilimbadilisha baba nguo, akalala. Nikatoka na beseni, nikakaa mlangoni nikishindwa hata kufua. Mama mwenye ploti, Mnubi Mwislamu aliyetukodisha vyumba na anayeishi chumba kinachotazamana na chetu, alikuwa amesikia yote.

"Njoo ukae kwangu kidogo," akasema. "Mlango wake uwache wazi, akiamka tutamsikia. Mimi naswali alasiri."

Nilikaa kwenye mkeka wake, mgongo ukutani. Yeye alitandika msala, akaswali kwa sauti ya chini sana. Nilisikia nguo yake tu ikichakarika akiinama. Mimi nilikuwa nimelelewa kuamini kwamba Mungu lazima aitwe kwa kelele. Nikafumba macho. Nilitaka kuomba baba apone, lakini hata hilo halikutoka. Nilichoweza ni kusema moyoni, "Baba, nimeshindwa." Sikujua hata namwita baba yupi.

Hakuna sauti iliyosema nami. Ila kifua kililegea, na nikajua, vile unavyojua kuna mtu chumbani hata kama umempa mgongo, kwamba nimesikika. Machozi yalitoka yenyewe, wala sikuyafuta.

"Utakunywa chai?" mama aliuliza akikunja msala.

"Ndio, mama."

Baba hakupona. Jioni ile alikataa chakula, na kesho yake akanipiga kofi nikimwosha uso. Niliwaomba watu wa kanisa waje mmoja mmoja, wakae naye kimya. Wengi walikasirika. Mama mmoja wa kwaya bado huja. Huleta ndizi mbivu, akammenyea, akaenda zake.

Siku hizi baba hasemi kitu, wala hanyanyuki kitandani. Mara nyingi nahisi sina nguvu ya siku nyingine kama hii. Nikizidiwa, naenda kukaa kwenye mkeka ule nikiwa kimya, halafu narudi kumgeuza ubavu.