Mlezi wa Kifurushi cha Baba

Kazini walimwita Dada Vifurushi, na jina likamkaa. Kampuni yao ilitengeneza mashine ndogo za kupimia presha nyumbani, zile zenye kioo kinachomwambia mgonjwa la kufanya. Yeye ndiye aliyepanga programu zinazoingia ndani: kwanza shina lenyewe, yaani programu kuu, kisha vifurushi vya lugha vya kuongezea juu yake, kila lugha na chake. Ukimwuliza kazi hiyo ina ugumu gani, atakuambia hakuna, mradi usiguse kitu mezani kwake.

Zamani, walipokuwa bado katika chumba kimoja juu ya duka la fundi cherehani, lugha zote zilitiwa gunia moja. Ukirekebisha neno katika hii, ile inazimika. Fonti, yaani maumbo ya herufi, ya lugha moja ikisahauliwa, kioo kinajaa visanduku vitupu, na watu wazima na digrii zao wanatazamana kama watoto waliofumwa wakidokoa jikoni. Lakini siku hizo walicheka! Akikumbuka chai ile ya kupokezana vikombe, moyo humlainika hadi leo.

Na zaidi akimkumbuka baba yake. Mzee alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, na lugha ya kwao, lugha ya watu wachache, haikuwa na mfasiri hata mmoja. Lugha zilipoanza kutengwa, kila moja na kifurushi chake, akajitolea. Jioni, miwani puani, alibishana na mdogo wake mezani juu ya kila neno. Walipofika kwenye "Subiri matokeo", mzee alikataa katakata.

"Mgonjwa haamrishwi," alisema. "Andika, 'Tulia kidogo, yanakuja.'"

"Kaka, hiyo ni mashine, siyo shangazi yako," alisema baba mdogo.

"Basi na iwe shangazi!"

Dada Vifurushi aliandika huku mbavu zikimuuma kwa kicheko. Yeye alichangia kwa Kiswahili tu, maana lugha ile aliielewa lakini kuitamka aliona haya. Kifurushi kilipokamilika, kwenye nafasi ya mlezi, yaani mtu wa kuulizwa maneno yakileta shida, aliandika jina la baba yake. Mzee alitembea kifua mbele mtaa mzima.

Kisha mzee akafariki, jina likabaki. Kila binti alipoandaa toleo jipya la programu, jina hilo lilipita kwenye kompyuta yake pamoja na mengine, naye alilisalimia kimoyomoyo. Kulifuta hakuweza.

Mwaka huu msimamizi mpya akaleta utaratibu wake: kila mlezi atatumiwa ujumbe, na asiyejibu, lugha yake haitaingia kwenye toleo jipya.

"Asiyekuwepo na lake halipo," msimamizi alisema kwa utani, bila kujua alipomgusa mwenzake.

Dada Vifurushi hakupinga, maana kifurushi kisicho na wa kuulizwa ni hatari kwa mgonjwa, na hilo alilijua kuliko yeyote. Akampigia simu baba mdogo.

"Shikamoo, baba. Nataka nikuandike wewe uwe mlezi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi hata barua pepe sina. Jiandike mwenyewe, maneno yakikushinda utaniuliza."

"Lakini mimi siiongei."

"Utaiongeaje, na hata mimi unaniongelesha Kiswahili?"

Nafasi ya mlezi ilikuwa ya mtu mmoja tu. Alilifuta jina la baba yake herufi moja moja, akilia waziwazi, na jirani yake wa meza akajifanya anatafuta kalamu chini ya kiti. Akaandika lake. Ujumbe ulipofika, aliujibu, na lugha ikaingia.

Haikupita muda, swali la kwanza likaja. Muuguzi mmoja alisema wazee hawalielewi neno la mkanda unaofungwa mkononi. Dada Vifurushi naye hakulijua. Akachukua simu, akapiga moyo konde, na badala ya shikamoo akamwamkia baba mdogo kwa lugha ya kwao, ulimi ukijikwaa.

Alidhani amekosea.

"Baba, umenisikia?" akauliza, kwa lugha ile ile.

"Nimesikia," baba mdogo alijibu kwa lugha hiyo, sauti ikimtetemeka. "Nimesikia, mwanangu. Hebu rudia."